Chai ya Saa Kumi kwa Msafiri Asiyekula Ngano

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika nchi yetu mtu akikuambia, "Karibu chai," hana maana ya kikombe cha chai peke yake. Ana maana ya kikombe pamoja na kitu cha kutafuna: andazi, chapati, kipande cha mkate, au muhogo wa kuchemsha. Chai isiyo na kitafunio twaiita chai kavu, na mwenye nyumba anayejiheshimu huona haya kumwekea mgeni chai kavu. Waingereza nao wana desturi kama hiyo, ila wao wameipa saa yake maalumu, yaani saa kumi ya alasiri, na wameipangia vyombo vyake na utaratibu wake.

Nataka kuwaeleza wasomaji wetu desturi hiyo ilitoka wapi, kwa nini wako watu wasioweza kuishiriki bila kuugua, na jinsi mtu wa namna hiyo, akipita katika njia yetu ya Tunduma na Mbeya, awezavyo kuandaliwa chai kamili ya Kiingereza isiyo na chembe ya ngano. Wengine watasema jambo hili ni la wazungu na hoteli kubwa. La, si hivyo, kama tutakavyoona.

Majani ya chai yalifika Uingereza katikati ya karne ya 17. Mwaka 1662 Mfalme Charles wa Pili alimwoa binti wa mfalme wa Ureno, Catherine wa Braganza, na bibi huyo alikuwa na mazoea ya kunywa chai. Wakubwa wa nchi wakamwiga. Lakini chai ya saa kumi ni desturi ya baadaye. Husimuliwa kwamba ilianza karibu mwaka 1840 kwa bibi mmoja, Anna, mke wa Duke wa saba wa Bedford. Siku hizo matajiri walikula kidogo mchana, na chakula kikubwa hawakukiona mpaka saa mbili usiku. Bibi huyo alikuwa akilegea kwa njaa kila alasiri, akaagiza aletewe chai, mkate na siagi chumbani kwake. Baadaye akaanza kuwaalika rafiki zake, nao wakaenda kuanzisha jambo hilo majumbani mwao.

Chai hiyo ikiandaliwa kamili huletwa katika sahani tatu zilizopandana juu ya kishikio kimoja. Sahani ya chini ina sandwichi ndogo nyembamba, zilizokatwa mfano wa vidole, zenye tango, yai au samaki. Sahani ya kati ina skonsi, ambazo huliwa kwa jamu na krimu nzito. Sahani ya juu ina keki ndogo ndogo. Mtu huanza chini akapanda juu. Watu wa jimbo la Devon hupaka krimu kwanza na jamu juu yake, na wale wa Cornwall hupaka jamu kwanza na krimu juu, na kila upande huwaona wenzao kuwa hawajui kula. Bwana George Orwell, mwandishi mashuhuri, alichapisha katika gazeti mwezi wa Januari 1946 kanuni 11 za kutengeneza kikombe kizuri cha chai, na mojawapo ni kwamba chai hutangulia kikombeni na maziwa hufuata. Sisi tunaochemsha maziwa, maji, majani na tangawizi katika sufuria moja hatuhusiki na ugomvi huo.

Huku kwetu mche wa chai ulipandwa na Wajerumani, kwanza huko Amani katika milima ya Usambara mwaka 1902, kisha Kyimbila katika nchi ya Rungwe mwaka 1904. Kilimo cha chai cha biashara kilianza mwaka 1926, wakati wa utawala wa Waingereza. Kwa hiyo Mwingereza anayefika Mbeya leo hana haja ya kubeba majani kutoka London. Mashamba ya Tukuyu yako mlimani karibu naye. Tena Waingereza walipokaa hapa waliajiri wapishi Waafrika, na wapishi hao walijifunza kupika keki, biskuti na skonsi. Neno skonsi limebaki katika lugha yetu, lakini kitu chenyewe kimegeuka. Skonsi ya Kiingereza ni kavu kidogo, nayo huumuliwa kwa hamira ya unga inayoitwa bekingi pauda. Skonsi ya maduka yetu ni mkate mdogo wa mviringo, laini na mtamu, uliotiwa hamira ya mkate. Kwa maoni yangu aliyeigeuza alifanya vyema, maana skonsi yetu yaweza kuliwa bila krimu wala jamu na isimkwame mtu kooni.

Sasa tazama tena zile sahani tatu. Sandwichi ni ngano. Skonsi ni ngano. Keki ni ngano. Ukiitazama na meza ya chai ya kwetu utaona andazi, chapati, mkate wa slesi, hafukeki, sambusa na kalimati, na zote ni ngano. Mtu ambaye mwili wake haupatani na ngano amekwisha fungiwa mlango wa meza zote mbili.

Kilicho ndani ya ngano kinachowadhuru watu hao huitwa gluteni. Nayo si sumu. Ni protini tu. Msomaji aweza kuiona kwa macho yake mwenyewe bila maabara. Chukua kikombe kimoja cha unga wa ngano, utie maji kidogo, ukande kwa dakika 10, kisha uache donge hilo kwa nusu saa. Halafu liweke katika bakuli la maji ulioshe polepole ukiliminyaminya. Maji yatageuka meupe kama maziwa. Huo ni wanga unaotoka. Mwaga maji hayo, tia mengine, endelea mpaka maji yawe safi. Mkononi mwako patabaki kitu cha rangi ya kijivu kinachovutika kama mpira. Ukikivuta kinarefuka, ukikiachilia kinajikunja. Hiyo ndiyo gluteni. Sasa fanya hivyo hivyo kwa unga wa sembe. Donge litamomonyoka lote ndani ya maji, na mkononi hutabakiwa na kitu.

Jaribio hili linafundisha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza laeleza kwa nini mkate wa ngano huumuka: hamira hutoa hewa, na gluteni huwa kama wavu wa mpira unaoinasa hewa hiyo ndani ya donge. Pili laonyesha kwamba nafaka hazifanani. Gluteni ya kudhuru imo katika ngano, shayiri, na nafaka moja ya nchi za baridi iitwayo rai. Haimo katika mahindi, mchele, ulezi, uwele wala mtama. Haimo katika muhogo, viazi, magimbi wala ndizi. Yaani vyakula ambavyo babu zetu wa Mbozi walivila kabla ya unga wa ngano kufika madukani, vyote ni salama kwa mtu huyo.

Ugonjwa wenyewe huitwa siliaki. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vijinyama vidogo vidogo vilivyosimama mfano wa nyuzi za taulo, na kazi yao ni kufyonza chakula. Mgonjwa wa siliaki akila gluteni, askari wa mwili wake mwenyewe huinuka na kuvishambulia vijinyama hivyo mpaka vinalala na kwisha. Hapo hata akila chakula kizuri namna gani, mwili haukipati. Huharisha, tumbo hujaa, damu hupungua, na akiwa mtoto hadumishi kimo cha wenzake. Si ugonjwa wa kuambukiza. Mtu huwa na asili yake katika damu ya ukoo. Wala hauna dawa ya kumeza. Dawa yake ni kuacha gluteni maisha yote, na utumbo ukishaachwa hupona wenyewe.

Dakta Samuel Gee wa London alieleza dalili za ugonjwa huu katika hotuba yake ya mwaka 1887, akasema kwamba tiba yake itapatikana katika chakula. Lakini chakula kipi, hakujua. Aliyeliona jambo hilo vizuri ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Alikuwa na shaka juu ya ngano tangu kabla ya vita. Kisha katika majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, Waholanzi waliokuwa chini ya Wajerumani walipatwa na njaa kubwa, mkate ukawa adimu, watu wakala hata vitunguu vya maua. Watu wengi walikufa kwa njaa hiyo, lakini watoto wa siliaki hospitalini wakawa na nafuu! Mikate ilipoanza kupatikana tena, wakaugua upya. Dakta Dicke alitoa maelezo yake kamili katika kitabu cha shahada yake mwaka 1950.

Wengi hudhani kwamba ugonjwa huu ni wa wazungu tu. Inakadiriwa kuwa duniani mtu mmoja hivi katika kila mia anao, na wengi wao hawajui. Tena watoto wa kabila la Wasaharawi, wa Sahara Magharibi katika bara letu la Afrika, walipopimwa katika miaka ya 1990 ilionekana kwamba zaidi ya watano katika kila mia walikuwa nao, kiasi kinachoshinda cha nchi za Ulaya. Kwetu mtu anayeharisha hupewa dawa ya minyoo na ya amiba, na mara nyingi ni sawa, maana minyoo na amiba tunao. Shida ni pale anapopewa dawa hizo mara ya tano, ya sita, na ya saba.

Hayo ndiyo yaliyompata shangazi yangu. Yeye ni mfanyabiashara, husafiri toka Tunduma mpaka Dar es Salaam kila baada ya majuma machache, na kwa miaka mingi chakula chake cha safari kilikuwa chai na chapati. Alikonda mpaka watu wakasema amerogwa. Mwishowe daktari mmoja alimpima damu, kisha akapimwa utumbo kwa kupitisha mpira kinywani na kuchukua kipande kidogo sana cha nyama ya ndani, ndipo ugonjwa ukajulikana. Hapa niseme neno kwa mzazi au mwanafunzi anayejishuku: usiache ngano kabla ya kupimwa. Ukiiacha kwanza, utumbo huanza kupona na kipimo hakionyeshi kitu. Nenda hospitali ukiwa bado unaila.

Shangazi sasa ana afya yake na unene wake. Lakini ugonjwa ulipokwisha, shida nyingine ilianza, nayo ni shida ya heshima. Kwetu mtu akikataa chakula katika nyumba ya watu, husemwa moja kati ya mawili: ama anaringa, ama anaogopa kulishwa sumu. Alipokwenda katika posa ya jamaa mmoja, zikaletwa sinia za maandazi na sambusa. Yeye akafungua mkoba wake akatoa viazi vyake vya kuchemsha. Mama wa nyumba aliinuka akaenda jikoni, hakurudi tena sebuleni mpaka wageni walipoondoka, na baada ya hapo hawakuamkiana kwa mwaka mzima. Hakuna aliyetukana mtu. Viazi ndivyo vilivyosema.

Kwa sababu hiyo napenda kueleza hila aliyoivumbua baadaye, kwani kwa maoni yangu ina akili kuliko maagizo yote niliyoyasoma juu ya jambo hili. Mgeni kwetu haendi mikono mitupu. Basi shangazi huenda na zawadi, na zawadi yenyewe ni kilo mbili za unga wa mchele wa Kyela, umefungwa vizuri. Humpa mama wa nyumba mara anapoingia na kusema, "Wifi, nimekuletea unga wa vibibi, na mimi mwenyewe ngano inaniumiza, daktari amenikataza, lakini vibibi, muhogo na ndizi nakula hata sahani mbili." Angalia jinsi maneno hayo yalivyopangwa. Ametoa kwanza. Halafu amemtaja daktari, kwa hiyo si maringo. Tena hakuishia kusema asichokila, bali ametaja anachokila na jinsi anavyokipenda, hata mwenye nyumba ana la kufanya. Tangu aanze hila hiyo hajapata kufungua mkoba wake mbele ya mwenyeji. Viazi bado huvibeba, ila ni kwa njiani.

Kuhusu njiani, watu wengi hudhani kwamba msafiri wa namna hii atapata taabu zaidi kando ya barabara kuliko hotelini. Ni kinyume. Basi linaposimama, vijana huja madirishani na mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga, machungwa na maparachichi. Hakuna hata kimoja chenye gluteni, tena yai na ndizi vimefungwa na Mungu mwenyewe katika ganda lake, mkono wa mtu haukuvigusa ndani. Hatari iko mezani, penye sahani nzuri. Soseji nyingi zimechanganywa na unga wa ngano. Katlesi ni viazi, lakini wengine huigaragaza katika chenga za mkate. Bagia za kunde ni salama, ila mpishi mwenye haraka huongeza unga wa ngano ili zishikamane. Chipsi ni viazi vitupu, lakini zikikaangwa katika mafuta yaliyotoka kukaanga maandazi haziwi vitupu tena. Kipimo kinachokubaliwa na mataifa kwa chakula kuitwa kisicho na gluteni ni miligramu 20 tu katika kilo nzima. Basi chenga za andazi zilizozama katika karai zatosha kuharibu.

Uji nao una mtego. Uji wa ulezi au wa mahindi ni salama kabisa, lakini unga wa lishe unaouzwa madukani mara nyingi umechanganywa na ngano, na unywaji wake huonekana kuwa wa afya, kwa hiyo mgonjwa huupokea bila kuuliza. Soma maandishi ya pakiti. Kadhalika neno kimea: kimea cha ulezi, ambacho mama zetu hutilia togwa, hakina neno. Kimea cha shayiri, kinachotiwa katika vinywaji vya unga vya kopo vya rangi ya kahawia, kina gluteni. Jina ni moja, nafaka ni mbili. Chai yenyewe na kahawa yetu ya Mbozi hazina kitu cha kuogopwa.

Huko Uingereza jambo hili limekwisha tiwa katika sheria. Tangu Desemba 2014 kila hoteli na mkahawa yapaswa kuweza kumwambia mteja kama chakula kina kimoja cha vitu 14 vinavyodhuru baadhi ya watu, na nafaka zenye gluteni ni miongoni mwao. Hoteli nyingi za London huandaa chai ya saa kumi isiyo na gluteni, sahani zote tatu, mradi mgeni atoe habari mapema. Msafiri aliyezoea hivyo akija kutazama Kimondo cha Mbozi, lile pande la chuma la tani 16 hivi lililoanguka toka mbinguni, atauliza swali lile lile, na hatapata jibu kwa sababu anayeulizwa hajui gluteni ni nini. Lakini jikoni mwa anayeulizwa mna mchele, muhogo, magimbi, mayai na maziwa! Nina hakika kwamba mama mmoja wa Mlowo au Vwawa akijua mambo haya, ataweza kuandaa chai ambayo bibi wa Bedford asingeikataa.

Na aiandae hivi. Kwa sahani ya chini, badala ya sandwichi za mkate, apike vibibi vyembamba visivyo na sukari: unga wa mchele, tui la nazi au maziwa, chumvi, hamira kidogo. Vikipoa avipake siagi, apange vipande vyembamba vya tango lililomenywa, avikunje na kuvikata mfano wa vidole. Vingine avitie yai lililopondwa kwa chumvi na pilipili manga. Vipande vya gimbi la kuchemsha vilivyopakwa parachichi si vya Kiingereza, lakini mgeni akivionja hataulizia pasipoti yao. Kwa sahani ya juu kuna mkate wa kumimina wa watu wa pwani, ambao ni mchele, tui, mayai, sukari na iliki, na kuna kashata za karanga. Keki hizo hazikuondolewa ngano. Hazikuwa nayo tangu zamani.

Kazi iko katika sahani ya kati. Skonsi bila gluteni humomonyoka, kwa kuwa ule wavu wa mpira haupo. Lazima kitu kingine kishike mahali pake, na vitu hivyo ni mayai na unga wa muhogo, ambao wanga wake hunata. Tulizipika nyumbani kwa shangazi wakati wa likizo, na vipimo vilivyotufaa ni hivi: vikombe viwili vya unga wa mchele, nusu kikombe cha unga wa muhogo uliochekechwa sana, vijiko vitatu vya chai vya bekingi pauda, vijiko viwili vya chakula vya sukari, chumvi kidogo, vijiko vinne vikubwa vya siagi, mayai mawili, na robo tatu ya kikombe cha maziwa ya mgando. Soma pakiti ya bekingi pauda pia, maana wengine huichanganya na wanga wa ngano.

Unga wa mchele ni afadhali utwangwe nyumbani. Mchele uloweke, uuchuje, uuache ukauke kidogo, uutwange katika kinu na kuuchekecha. Mashine za kusaga husaga mahindi ya huyu na ngano ya yule bila kuoshwa, na unga unaobaki ndani hutoka na wa anayefuata. Kinu, chekecheo na mwiko viwe safi, na kama mna maandazi ya kupikwa siku hiyo, yapikwe baada ya skonsi, si kabla.

Changanya unga wote na bekingi pauda, sukari na chumvi. Fikicha siagi ndani kwa ncha za vidole mpaka unga uwe kama chenga. Piga mayai pamoja na maziwa ya mgando, mimina, koroga kwa mwiko. Usikande, hapana gluteni ya kukandwa. Donge litaonekana laini mno na utashawishika kuongeza unga, lakini liache nusu saa, mchele hunywa maji polepole, nalo litakaza lenyewe. Kisha lisambaze kwa unene wa vidole viwili, likate kwa kikombe, panga katika sufuria pana iliyopakwa siagi. Funika, weka juu ya makaa machache, na makaa mengi yawe juu ya mfuniko. Baada ya dakika 20 hivi zichungulie. Zikiwa na rangi ya kahawia juu, zimeiva.

Krimu nzito ya Devon twaweza kuipata kwa maziwa yetu wenyewe. Tia maziwa mapya katika karai pana, yapashe moto mdogo kwa saa nzima bila kuyachemsha, yaepue polepole bila kuyatikisa, yaache usiku kucha mahali pa baridi, na Igamba mwezi wa Juni baridi haiombwi. Asubuhi enga utando mzito wa juu kwa kijiko. Jamu ya mapera au ya nanasi itafaa. Kama mgeni ni wa Devon au wa Cornwall, mwekee bakuli mbili na umwachie mwenyewe.

Birika ipashwe kwa maji ya moto kwanza na kumwagwa. Tia kijiko kimoja cha majani kwa kila mtu na kimoja cha birika, mimina maji yanayotokota, subiri dakika nne. Maziwa yaletwe kando.

Skonsi hizi ziliwe siku ile ile zikiwa vuguvugu. Zikilala huwa ngumu kama kokoto, lakini ukizipasua katikati asubuhi na kuzikaanga kwa siagi kidogo zinalika vizuri, na shangazi huzifunga katika jani la mgomba akapanda nazo basi la alfajiri.